Majengo ya Goma yanazaana nikiyaunga na mipaka ya karitie. Kasoro ni ya programu au ya mipaka?

#1 KandoYaKivu (Goma)
Yambo wote. Niko na leya (tabaka za ramani) tatu ndani ya QGIS, programu ya ramani. Ya kwanza ni majengo ya mji, nimeyavuta kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Ya pili ni karitie (mitaa rasmi) 18, zile 7 za komine (sehemu ya mji) ya Goma na 11 za komine ya Karisimbi. Ya tatu ni njia ya lava ya volkano Nyiragongo, ya Januari 2002 na ya Mei 2021, katika faili moja. Ninachotaka: kila jengo libebe jina la karitie yake, na kama lava ilipita pale libebe na mwaka.

Nimetumia kile chombo ambacho menyu ya Kifaransa inakiita « Joindre les attributs par localisation », yaani kuunga sifa kwa mahali. Nikichagua uhusiano wa kukatana, mistari ya jedwali la matokeo inazidi majengo niliyoanza nayo. Nikichagua wa kuwa ndani, mistari inarudi sawa lakini majengo mengine safu ya karitie ni tupu, hasa kando ya ziwa na upande wa Ndosho na Mugunga. Mimi nasema programu ina kasoro. Anayebisha aje.

#2 Birere_Original (Goma)
Nabisha. Nyumba ya mama yangu iko Birere. Nitafutie Birere katika hizo 18 zako.

#3 KandoYaKivu
@Birere_Original Birere si karitie rasmi na unajua. Tuendelee.

#4 Birere_Original
Kila dereva wa moto (pikipiki) anaijua ila leya yako haiijui. Sawa, tuendelee.

#5 Mgogo_GIS (Dodoma)
Habari za huko. Hilo ni tatizo la mfumo wa koordineti. Data za OpenStreetMap huja kwa digrii, EPSG 4326 (EPSG ni namba ya mfumo). Mipaka yako huenda iko kwa mita, katika UTM, mfumo unaogawa dunia kwa kanda. Geuza zote ziwe UTM kanda ya 35 Kusini, namba 32735, kisha rudia.

#6 Sequeli_35S (Goma)
@Mgogo_GIS hapana, ndugu. Tangu QGIS 3 chombo hicho kinageuza chenyewe koordineti za leya ya pili kabla ya kulinganisha. Ukiwa ndani ya PostGIS, hifadhidata ya ramani, hapo utakataliwa wazi kwamba namba za mifumo hazifanani. Na fikiria dalili zenyewe: koordineti zikigombana, majengo yote yanakosa karitie. Hayachagui ya kando ya ziwa peke yake.

Mistari inazidi kwa sababu KandoYaKivu ameiomba izidi. Chaguo la kawaida la chombo ni moja kwa wengi. Jengo likigusa karitie mbili linatoka mara mbili, mara moja kwa kila jina. Na kukatana kunahesabu hata kugusana ukuta kwa ukuta. Badala yake achague lile la tatu, la kuchukua sifa za poligoni (umbo la eneo) inayofunika sehemu kubwa zaidi. Jengo moja, mstari mmoja, kazi imekwisha.

#7 Lushi_Topo (Lubumbashi)
Yambo bakubwa. Sequeli, umemukatia Mgogo mbio sana. Programu inageuza kutoka mufumo *ulioandikwa* ndani ya faili. Kama umeandikwa vibaya, inageuza uongo kuwa uongo mwingine. Siye huku Katanga tunakutana na hiyo kila siku: plani za zamani ziko katika Katanga 1955, juu ya elipsoidi (umbo la dunia) ya Clarke, mutu anazibandika WGS 84, ule mufumo wa GPS, kwa sababu njo ile anaijua. Inafunguka, inakaa karibu na mahali pake, haikukatalii kitu. Lakini parsele (viwanja) zote zimesukumwa upande mumoja. Ukiunga, kila parsele ya pembeni inapata jina la jirani.

Kwa hiyo kukosa majina pembeni tu kunawezekana kabisa na kosa la koordineti.

#8 Mgogo_GIS
Asante mzee wangu Lushi_Topo. Umenitetea.

#9 Sequeli_35S
@Lushi_Topo nakubali kwa plani za Katanga. Lakini Goma hatuna Katanga 1955. Kosa la huku ni la kuandika 35 Kaskazini mahali pa 35 Kusini, yaani 32635 badala ya 32735. Goma iko kama digrii 1.7 kusini ya ikweta, kwa hiyo koordineti yake ya kaskazini ni karibu mita 9,814,000. Ukiiandika Kaskazini, namba hiyo inahesabiwa kutoka ikweta kwenda juu na mji wote unahamia karibu na Ncha ya Kaskazini. Hilo huwezi kulikosa kwa macho.

#10 Birere_Original
Huko karibu na Ncha ya Kaskazini Birere inaonekana?

#11 Nzulo_Mwanafunzi
Samahani wakubwa, swali la mtoto. Kwa nini msigeuze kila jengo liwe nukta tu? Nukta haiwezi kukaa karitie mbili.

#12 Sequeli_35S
@Nzulo_Mwanafunzi si la mtoto, ndivyo wengi tunavyofanya. Ila usitumie nukta ya katikati. Jengo lenye umbo la L au U, shule nyingi ziko hivyo, katikati yake inaangukia uwanjani, pengine ng'ambo ya mpaka. Kuna chombo kingine kinachotoa nukta iliyo hakika juu ya umbo. Ndani ya kikokotoo cha safu unaweza kufanya bila kuzalisha leya mpya:

`aggregate('karitie','concatenate',"jina",filter:=contains($geometry, point_on_surface(geometry(@parent))))`

Ikikuandikia majina mawili yaliyoshikana kama MuraraKahembe, basi ujue karitie zenyewe zinapandana, jengo halina kosa.

#13 KandoYaKivu
@Sequeli_35S nimejaribu. Majina yaliyoshikana yapo. Na matupu yapo vilevile. Ndiyo maana nasema programu.

#14 MzeeKadastri (Bukavu)
Salamu kwa wote. Nimewasoma tangu juu, kila mtu anazungumzia chombo na hakuna aliyeuliza mipaka hiyo ilichorwa na nani.

Mpaka wa karitie kwa kawaida unafuata avenyu au mto. Mtu wa kwanza anachora karitie A akipita katikati ya avenyu. Mwingine baada ya miezi anachora karitie B, anapita ukingo wa avenyu. Bila kuweka kule kunasishana kwa vipeo (kona za poligoni kushikana), unapata nyufa nyembamba ambazo si za mtu yeyote, na pengine vipande ambavyo ni vya wote wawili. Jengo lililo ndani ya ufa: tupu. Lililo juu ya kipande cha wote: mara mbili. Dalili zako mbili zote zimeelezwa, na programu haina hatia.

Dawa: safisha topolojia ya karitie (jinsi zinavyopakana) kwanza. Ndani ya QGIS kuna kikaguzi cha topolojia, mwambie karitie zisipandane na zisiache mapengo. Ukitaka haraka, v.clean ya programu ya GRASS, au programu ya Mapshaper.

#15 Mgogo_GIS
Na kabla ya hapo arekebishe jiometri (maumbo yenyewe), mzee. Poligoni iliyojikata yenyewe kama tai ya kipepeo huwa inaleta matokeo ya ajabu au inasimamisha kazi kabisa.

#16 MzeeKadastri
Kweli. « Réparer les géométries », kisha topolojia. Mpangilio huo, usiugeuze.

#17 Lushi_Topo
@MzeeKadastri papa, kama mupaka unapita katikati ya avenyu, nyumba inafanya nini juu ya mupaka? Nyumba haisimamake katikati ya barabara. Mufa wa mita tatu barabarani hauwezi kumeza nyumba. Minarudia: kuna kitu kimesukumwa.

#18 MzeeKadastri
@Lushi_Topo wewe uko Lubumbashi, avenyu zenu zilipigwa rula. Njoo Kadutu, komine ya Bukavu. Nyumba inasimama mahali inapopata pa kusimama, avenyu ikijitokeza baadaye inajipenyeza katikati. Na mpaka ukifuata kijito, kijito kinahama kila mvua kubwa.

#19 Lushi_Topo
Haha, sawa papa. Lakini Goma si Kadutu, kule ni tambarare.

#20 MamaTakwimu (Bukavu)
Wote wawili mna haki nusu, na nusu iliyobaki iko kwenye picha ya satelaiti. Wachoraji wa OpenStreetMap wanafuata mapaa juu ya picha moja, na aliyechora mipaka huenda alifuata picha ya kampuni nyingine ya mwaka mwingine. Picha hizo hazikai sawasawa. Zinaachana mita kadhaa, na katika milima ya Bukavu zinaachana zaidi kwa sababu satelaiti inapiga picha ikiwa imeinama. Tena paa haliko juu ya msingi wake ukitazama kutoka pembeni, jengo la ghorofa linalala upande. Hivyo Lushi_Topo asema "kuna kitu kimesukumwa", mimi nakubali, ila hakuna namba ya EPSG itakayokirudisha, kwa sababu hakisukumwi kwa kiasi kimoja mji mzima.

Ya kando ya ziwa naona ni rahisi zaidi. Aliyechora karitie za Himbi na Keshero alikata kwenye mstari wa maji, tena mstari uliorahisishwa. Nyumba za ufukweni zikabaki majini. Kwa hizo tumia karitie iliyo karibu zaidi badala ya inayofunika, fomula ya overlay_nearest inafanya, ukiipa umbali wa mwisho ili isije ikabeba nyumba ya Gisenyi, Rwanda, ikaifanya ya Goma.

#21 Birere_Original
Hiyo ya mwisho tutaitwa kwenye baraza la usalama.

#22 KandoYaKivu
@MamaTakwimu aksanti, hii ya ziwa imeniingia. Ya Ndosho na Mugunga bado. Na hakuna aliyegusa lava. Kwa 2002 napata majengo mengi, kwa 2021 karibu hakuna kitu. Hiyo nayo ni mipaka?

#23 Sequeli_35S
Hiyo ni volkano. Lava ya 2021 ilisimama pembezoni, upande wa Buhene, teritwari (eneo la utawala nje ya mji) ya Nyiragongo. Haikuingia katikati ya mji. Leya yako imekatwa kwa karitie 18 za mji, ulitaka ipate nini? Ya 2002 ndiyo iliyopasua mji, ikafunika sehemu ya njia ya ndege ikafika ziwani. Ukitaka majengo ya 2021 vuta na ya teritwari.

#24 MzeeKadastri
Na kabla hujampelekea mtu yeyote hiyo safu ya lava, ifikirie vizuri. Majengo yako ni ya leo. Lava ni ya 2002. Jengo la leo lililo juu ya lava ya 2002 halikuungua, lilijengwa *juu ya* lava baada ya kupoa, pengine kwa mawe ya lava hiyohiyo. Lililoungua halimo katika leya yako kabisa. Chombo kinaunga mahali, tarehe hazikihusu. Mtu atasoma jedwali lako "lava: 2002" aandike ripoti kwamba nyumba zote hizo ziliangamizwa.

#25 KandoYaKivu
Sikusema ziliungua. Nilisema lava ilipita pale.

#26 MzeeKadastri
Wewe hukusema. Atakayenakili jedwali lako atasema. Ita safu "juu_lava" badala ya "lava", na uandike maelezo.

#27 Nzulo_Mwanafunzi
Kwa lava pia nitumie nukta? Jengo ambalo lava imegusa kona moja tu litakosa.

#28 Sequeli_35S
Kwa lava usitumie nukta. Kwa karitie swali ni "ni ya nani", jibu moja. Kwa lava swali ni "kiasi gani". Kuna chombo cha uchambuzi wa mpandano, kinaongeza safu mbili kwa kila jengo: eneo lililofunikwa na asilimia yake. Tuseme jengo la mita za mraba 120 na lava imechukua 30, unapata 25. Wewe ndiye utakayeamua 25 ni ndiyo au hapana.

Anayependa hifadhidata, kwa karitie:

`SELECT DISTINCT ON (m.id) m.id, k.jina FROM majengo m JOIN karitie k ON ST_Intersects(m.geom, k.geom) ORDER BY m.id, ST_Area(ST_Intersection(m.geom, k.geom)) DESC;`

#29 Mgogo_GIS
@Sequeli_35S majengo yake yako kwenye digrii. ST_Area itatoa digrii za mraba. Kosa hilo.

#30 Sequeli_35S
Napanga tu nani mkubwa kuliko nani ndani ya jengo moja. Kwa umbali wa mita kumi, digrii za mraba zinapanga vilevile. Ningekuwa naandika hekta kwenye ripoti, ungekuwa na haki.

#31 Mgogo_GIS
Kwa mji ulio karibu na ikweta unaponea. Usimfundishe mwanafunzi hivyo. Na ndani ya QGIS mtu ajue $area na area() si kitu kimoja: ya kwanza inafuata elipsoidi ya projekti, ya pili inapima bapa kwa vipimo vya leya yenyewe. Nimeshaona jedwali moja lenye safu zote mbili, mwenyewe hajui kwa nini hazifanani.

#32 MamaTakwimu
Kwa kuwa mmefika kwenye asilimia, naleta langu. Mimi kazi yangu ni afya. Nchi ina zoni za afya 519, kila moja imegawanywa katika eya za afya, na eya hazifuati karitie. Nina idadi ya watu kwa eya, mkubwa wangu anaitaka kwa karitie. Wengi wanafanya hivi: wanakata eya kwa karitie, wanaangalia kipande ni asilimia ngapi ya eya, wanagawa watu kwa asilimia hiyo. Inatoka namba nzuri na ni ya uongo, kwa sababu inadhani watu wametandazwa sawasawa kama unga kwenye sinia. Eya yangu moja nusu ni mteremko ambao hata mbuzi hakai. Watu wote wako chini.

Ninachofanya sasa: nagawa kwa majengo. Nahesabu majengo ya eya yote, naangalia mangapi yameangukia kila karitie, watu wanafuata majengo. Pale OpenStreetMap ina mapengo natumia Open Buildings ya Google, ile ya mapaa yaliyotambuliwa na kompyuta, ila nachuja kwa alama ya uhakika, la sivyo miamba nayo inahesabiwa kuwa nyumba.

#33 Nzulo_Mwanafunzi
Na soko? Soko ni jengo kubwa, hakuna anayelala pale.

#34 MamaTakwimu
Ndiyo. Masoko, depo, makanisa, natoa yenye lebo. Yasiyo na lebo yananishinda. Wengine wanapima kwa eneo la paa badala ya idadi ya majengo. Hapo depo moja inakuwa na watu kuliko avenyu nzima. Mimi nabaki na idadi.

#35 MzeeKadastri
Mimi ningepima kwa paa. Nyumba ya familia mbili ni kubwa kuliko kibanda.

#36 MamaTakwimu
Mzee, Kadutu chumba kimoja kinalala watu wanane na Ibanda kuna vila ya watu wawili. Paa litakudanganya zaidi.

#37 MzeeKadastri
Basi zote zinadanganya, tuchague uongo tunaoumudu.

#38 Lushi_Topo
Huku kwetu ni konsesio (maeneo ya vibali) za migodi. Koodi (sheria) ya migodi inazipima kwa miraba ya sekunde 30 kwa sekunde 30, karibu hekta 85 kila moja, kwa hiyo mipaka yao inapanda kama ngazi. Miji na mashamba hayafuati ngazi. Mutu ananiomba: "nipe vijiji vilivyo ndani ya konsesio." Kijiji chenyewe katika data ni nukta moja, imewekwa mahali kiongozi anakaa au mahali gari ilisimama. Nukta iko inje, mashamba yote iko ndani. Kwa mujibu wa kompyuta kijiji hakihusiki. Hapo hakuna kifungo cha kubonyeza. Miye niliomba niende nikachore poligoni ya kijiji kwa miguu, na ndiyo ilibadilisha jibu.

#39 Birere_Original
Kwa hiyo ukitaka kijiji kisihusike unakiandika kama nukta. Ninaelewa sasa mambo mengi.

#40 Lushi_Topo
Sikusema hivyo mimi.

#41 KandoYaKivu
Nimefuata mpangilio wa MzeeKadastri, jiometri kisha topolojia. Mistari iliyozidi imepungua sana. Kando ya ziwa nimetumia ya MamaTakwimu, imejaa. Ndosho na Mugunga: kuna majengo bado matupu, tena si pembeni mwa mpaka, yako katikati kabisa ya poligoni. Ufa hauwezi kufika pale, picha haiwezi kusukumwa hivyo. Mnaona sasa?

#42 Sequeli_35S
Katikati kabisa? Pengine kuna tundu ndani ya poligoni, mtu alikata uwanja au kambi akaacha shimo. Zima rangi za kujaza uangalie mistari tu.

#43 Mgogo_GIS
Au faharasa ya kimahali (orodha ya kutafutia maumbo haraka) ni ya zamani. Kama leya ni ya .shp na iliwahi kuhaririwa nje, ile faili ya faharasa pembeni inabaki na maumbo ya kale. Ifute, itengenezwe upya. Afadhali hamia faili za GeoPackage kabisa; .shp inakukatia hata majina ya safu kwenye herufi 10.

#44 MzeeKadastri
Au jina lenyewe ni tupu. Mstari wa karitie upo, poligoni ipo, lakini kisanduku cha jina hakikuandikwa. Kuunga kumefanikiwa, kumekubebea utupu. Unga namba ya poligoni pamoja na jina, utajua.

#45 Lushi_Topo
Au majengo yenyewe. Yaangalie na hayo yaliyo tupu, pengine jiometri iliyovunjika iko upande wao. Umerekebisha karitie tu, majengo hukusema.

#46 KandoYaKivu
Majengo sikuyagusa. Ni mengi na mashine yangu ndogo, na moto (umeme) umekatika hapa. Nikiwasha nitaangalia namba ya poligoni kwanza, halafu tundu.

#47 Sequeli_35S
Anza na tundu.

#48 MzeeKadastri
Anza na namba. Ni sekunde chache.

#49 Birere_Original
Na ukimaliza, nichoree Birere. Nitakuonyesha mpaka wake mimi mwenyewe, avenyu kwa avenyu.

#50 MamaTakwimu
@Birere_Original usicheke, mimi ningeihitaji kweli. Wagonjwa wakiulizwa wanakaa wapi, jina wanaloandikisha ni kama hilo lako, la karitie hawalijui. Kuna mtu amewahi kuchora majina ya watu wanavyoyatumia kama leya ya pili, akakubali yapandane?